Atibiwe leo, asingoje kuacha kwanza



Kuna swali linalorudi kila tunapozungumza juu ya SIDA na vijana wanaotumia madawa ya kulevya: "Huyu bado anatumia. Aache kwanza, ndipo apewe dawa za SIDA. Akizipata sasa, si zitapotea bure?" Wanaouliza si watu wenye roho mbaya. Wengi ni mama waliokwisha uza vitenge na sufuria kumtafutia mtoto matibabu, nao wamechoka. Juma hili tulijibu swali hilo.

Jibu ni hili: asingoje. Virusi vya SIDA havingoji mtu aache bangi, pombe kali au tramadoli. Kila mwezi anaongoja, nguvu za mwili wake zinapungua, na kifua kikuu kinapata njia. Lakini anayemeza dawa kila siku mpaka virusi visionekane tena katika damu hamwambukizi mwenzake katika tendo la ndoa. Msichana mwenye mimba akianza dawa mapema, anamlinda mtoto aliye tumboni. Tukimwambia aache kwanza, huenda tukapoteza wawili.

Tusijidanganye pia kwamba SIDA ni ya wanaojichoma sindano tu. Ni kweli kwamba kupokezana sindano ni hatari kubwa, kwa sababu damu ya mmoja inabaki ndani yake na kuingia kwa mwingine. Lakini kijana anayevuta au kumeza naye yumo hatarini. Aliyelewa hakumbuki kondomu. Binti asiye na pesa za kununua dawa analipa kwa mwili wake. Katika miji yetu tunajua bangi, tramadoli na pombe za vichupa. Huko Kinshasa, mwaka 2021, watu walishtushwa na "bombé", unga unaochanganywa na vidonge na vumbi linalotolewa katika chombo cha kusafisha moshi wa gari. Mtoto anayetumia vitu hivyo anahitaji kupimwa kama mwingine yeyote.

Je, inawezekana kumtibu mtu ambaye bado hajaacha? Ndiyo. Tutazame Dar es Salaam, Tanzania. Huko tatizo kubwa lilikuwa heroini, ambayo vijana wanaiita "unga". Anayeikosa anapatwa na maumivu ya mwili, kutapika, kuharisha na kukosa usingizi. Wao wanayaita "arosto". Ni arosto inayomsukuma mtu kuiba sufuria ya mama yake, hata kama anampenda.

Mwezi wa Februari 2011, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kuwapa watu hao metadoni bila malipo. Metadoni ni dawa ya kunywa. Mgonjwa anakuja kila siku na kuinywa mbele ya mhudumu, na inamtuliza kwa siku nzima. Arosto ikitulia, kichwa kinapata nafasi ya kufikiri chakula, kazi na watoto. Kisha waliona kwamba mtu anayekuja kila siku anaweza kupewa dawa za SIDA palepale, naye akazimeza akiangaliwa. Aliyesemwa kuwa hawezi kufuata matibabu akayafuata.

Lakini hospitali haikuwapata watu hao kwa kungoja mlangoni. Wahudumu wa mashirika ya jamii, na kati yao watu waliowahi kutumia unga, waliwafuata vijiweni, wakazungumza nao bila kuwatukana, wakawapeleka. Hata hivyo wanawake waliofika walikuwa wachache sana kuliko wanaume. Mwanamke anayetumia unga anaona aibu mara mbili, hana wa kumwachia mtoto, na nauli ya kila siku inamshinda.

Tuelewane: metadoni inatibu uraibu wa heroini na dawa za jamii yake. Haitibu bangi, bombé wala pombe. Kwa hiyo somo kubwa la Dar es Salaam kwetu si dawa hiyo tu. Somo ni mtu anayemfuata mgonjwa alipo na kumsindikiza.

Jambo hilo hata nchini mwetu tunalijua. Tangu mwisho wa mwaka 2010, Kinshasa kuna vituo viitwavyo PODI, ambako watu wanaoishi na virusi wenyewe wanawagawia wenzao dawa karibu na nyumbani, bila foleni ndefu ya hospitali. Anayekupa dawa amepitia njia hiyohiyo, hivyo hukuogopi wala hakudharau.

Sasa sisi mama tufanye nini?

Kwanza, tusimfungie mtoto chumbani wala kumfunga kamba ili aache kwa nguvu. Aliyekaa majuma kadhaa bila heroini au tramadoli, mwili wake umesahau kipimo cha zamani. Akitoroka na kutumia kiasi kilekile, anaweza kufa siku hiyohiyo. Hata gerezani anatoka na hatari hiyo.

Pili, tumsindikize kupima, na jibu lake libaki siri yake. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 14 Julai 2008 inalinda haki za wanaoishi na virusi. Siri ya mtoto wa jirani si habari ya kisimani.

Tatu, tumshauri amwambie mganga kila kitu anachotumia. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, inapunguza nguvu ya metadoni na ya dawa kadhaa za SIDA. Mganga akijua, atapanga vipimo vyake. Asipojua, mgonjwa atarudia unga akidhani dawa hazifai.

Nne, tumsaidie kukumbuka. Kidonge kiende pamoja na jambo la kila siku, kama chai ya asubuhi. Kama halali nyumbani, abebe vya siku chache na vingine vibaki kwa mtu anayemwamini. Akikosa siku moja, tusimwambie ameharibu yote. Aendelee kesho yake.

Tano, tujue dalili za hatari. Ukimkuta haamki, anakoroma vibaya, anapumua polepole na midomo imebadilika rangi, mlaze kwa ubavu, usimmiminie maziwa wala maji kinywani, na umkimbize kwenye matibabu. Mwambie mganga alichotumia. Kwa heroini na tramadoli iko dawa iitwayo naloksone, ambayo inaweza kurudisha pumzi.

Na kikundi chetu? Kidole kimoja hakivunji chawa. Mama wawili wanaweza kutembelea nyumba moja kwa juma. Kutoka katika likelemba tunaweza kutenga nauli ya kwenda kuchukua dawa. Na binti anayeogopa kwenda kwa sababu ya mtoto mchanga, mmoja wetu amshikie mtoto saa mbili. Hilo halihitaji shahada wala mradi.

Watu watatuambia "mwana umleavyo ndivyo akuavyo", kana kwamba kila mtoto aliyeanguka aliangushwa na mama yake. Mama mwenye mtoto wa namna hii ameisikia methali hiyo vya kutosha. Sisi tumwambie neno lingine: "Twende naye kesho asubuhi, nitakusindikiza."

Kabla ya mkutano ujao, kila kikundi kiulize kwenye kituo cha afya kilicho karibu: siku gani wanapima, nani anatoa dawa, na nani anaweza kumpokea kijana bila kumgombeza. Mtuletee majibu, tuyaandike yote pamoja.