Kama huna pesa za breki, huna pesa za injini

Haya, leo kodi naiweka kando kidogo, ingawa mtaona kwamba sijaenda mbali nayo.

Wiki jana kijana mmoja wa hapa Litein alinisimamisha karibu na stendi, uso umejaa furaha. Bonasi ya majani chai imeingia nyumbani kwao, mzee amemkatia kiasi, na yeye ameshapata injini. "Kaka, elfu mia moja na ishirini tu! Blacktop kamili!" Nikamuuliza: kompyuta yake iko wapi? Nyaya je? Giaboksi? Na breki utafanyaje? Akanitazama kama mtu aliyepewa mtihani wa somo ambalo hajawahi kulisoma. Kisha akanipa lile jibu tunalolijua sote: "Fundi amesema inaingia tu."

Inaingia tu! Jamani, maneno haya mawili yamekula bonasi nyingi kutoka Kericho hadi Bomet. Yamekula na pesa zangu pia, kwa hiyo leo nasema bila kuzunguka. Anayenunua injini kabla ya kuandika bajeti nzima hatengenezi gari. Ananunua kiti cha kuku nyuma ya jikoni.

Kwa wasiofuatilia magari: Blacktop ni injini ya Toyota 4A-GE yenye valvu 20, lita 1.6, iliyokuja ndani ya magari ya AE111 kuanzia 1995. Kwenye karatasi ina nguvu za farasi 165. Gari langu, na la huyu kijana, ni Corolla AE110 yenye injini ya 5A-FE, lita 1.5, nguvu kama 100 hivi. Injini zote mbili ni za ukoo mmoja, kwa hiyo fundi hadanganyi: kwa upande wa chuma, inaingia.

Lakini ndugu zangu wa programu mnajua tatizo haliko kwenye chuma. Tatizo liko pale vitu viwili vinapokutana. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 ilipasuka sekunde kama 40 tu baada ya kuruka. Kipande cha programu kilikuwa kimetolewa kwenye Ariane 4, ambako kilifanya kazi bila shida. Roketi mpya ilikuwa na kasi kubwa zaidi ya kwenda upande, namba ikazidi nafasi ya biti 16 iliyotengewa, mfumo wa uongozaji ukazima. Programu ile ilikuwa nzima, nyumba ndiyo ilikuwa nyingine. Mainjinia wale nao waliona inaingia tu.

Mimi Ariane yangu ilikuwa nyaya. Nilinunua Blacktop ikiwa uchi, nyaya zimekatwa. Muuzaji mmoja wa Nairobi akaniuzia fungu la nyaya na kompyuta, akaapa ni zake. Kumbe zilikuwa za Silvertop, dada yake mkubwa. Kwa macho zinafanana sana. Tofauti ni kwamba Silvertop hupima hewa kwa mlango mdogo unaosukumwa na upepo unaoingia, wakati Blacktop hupima mgandamizo wa hewa ndani ya manifoldi. Kompyuta ilikuwa inasubiri habari kutoka kwa kifaa ambacho injini haina. Elfu 18 zikaenda hivyo.

Basi niwaonyeshe daftari langu. Bajeti niliyoandika mwanzo, na ninaona aibu kuirudia, ilikuwa hivi: injini 110,000, fundi 25,000, "mengineyo" 15,000. Jumla 150,000. Programa yeyote aliyewahi kuona mstari wa "mengineyo" anajua hapo ndipo mradi hufia.

Nilichotumia kweli ni hiki:

1. Injini: 110,000
2. Giaboksi na klachi: 48,000
3. Kompyuta na nyaya, pamoja na zile za makosa: 42,000
4. Mauntingi, shafti, ekzosti na rejeta: 51,000
5. Mkanda wa timingi, pampu ya maji, gasketi, oili: 24,000
6. Fundi: 45,000
7. Breki: 0

Jumla 320,000, na gari limekaa juu ya mawe miezi 14. Injini yenyewe ilikuwa kama theluthi moja tu ya gharama. Lakini mstari ulionifanya niandike leo ni ule wa 7. Sifuri! Nilikuwa nimeongeza nguvu kwenye gari lenye breki za ngoma nyuma na diski nyembamba mbele, na sikutenga hata shilingi ya pedi.

Mara ya kwanza kuteremka kutoka Kericho kwenda Ahero, nilifika Kapsoit nikiwa najiona dereva wa Safari Rally. Mbele kidogo pedali ikaanza kulainika, na harufu ya pedi ikaingia ndani ya gari. Nilisimama kwa gia na kwa maombi. Hesabu yake ni ya shule ya upili: nishati ya mwendo hupanda kwa mraba wa kasi. Ukitoka kilomita 80 kwa saa hadi 100, breki zinapewa kazi zaidi kwa asilimia 56. Kericho iko juu ya mita 2,000, Kisumu iko kama mita 1,130. Mteremko wote huo unalipwa na pedi.

Watu wa hapa hatuhitaji kufundishwa gari lisilosimama ni nini. Tarehe 30 Juni 2023, pale makutano ya Londiani, lori lilivamia magari na wachuuzi kando ya barabara, na zaidi ya watu 50 wakafa. Sisemi lori lile lilibadilishwa injini. Nasema wanaosimama kando ya barabara zetu wakiuza viazi hawajakubali kuwa majaribio ya mradi wangu.

Kuna atakayesema ninaharibu raha, na kwamba mafundi wa jua kali wanajua kazi. Ni kweli wanajua! Fundi wangu ni mzuri kuliko maprograma wengi ninaowafahamu. Lakini nilimuuliza swali moja tu, kama inaingia, naye akalijibu. Sikumuuliza kama itasimama.

Na hizo farasi 165 zenyewe? Huku juu hewa ni nyepesi. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake. Toa moja ya tano kwenye 165, unabaki na kama 132. Umelipia farasi ambao wamebaki Mombasa :-)

Kwa hiyo, ukitaka kufanya mradi huu, geuza mpangilio. Anza na breki na matairi, injini ya zamani ikiwa bado ndani. Mimi nilizilipia mwisho, 62,000, jumla ikafika 382,000. Ukianza nazo, gari linaendelea kutembea, na pesa zikiisha katikati bado una gari bora kuliko jana. Pili, tafuta nosikati, yaani mbele nzima ya gari moja iliyokatwa, ili injini, giaboksi, nyaya na kompyuta viwe vimeshaishi pamoja. Pima kompresheni kabla ya kulipa. Piga picha kila plagi na uibandike jina kabla ya kuichomoa. Tatu, weka karatasi kwenye bajeti: nambari ya injini na ukubwa wake viko kwenye logibuku, kwa hiyo kuna ukaguzi na mabadiliko ya kufanya NTSA, na bima wako lazima ajue. Nne, futa "mengineyo". Kila kitu kiwe na jina, kisha ongeza theluthi.

Ukimaliza hesabu hiyo na pesa hazitoshi, nunua 5A-FE nyingine iliyo nzima, uiweke, uendelee na maisha. Hakuna aibu.

Yule kijana nilimwambia hivyo hivyo pale stendi. Alikasirika kidogo. Jana amenipigia: "Kaka, diski za AE111 zinapatikana wapi?"

Huyo sasa ana mradi.