Tiba ya akili ianzie zahanati

Anayeugua malaria Somanda, mjini Bariadi, hatumwambii akatibiwe Dodoma. Anayeugua akili ndugu zake bado wanamfikiria Mirembe, Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili iliyoko huko Dodoma, zaidi ya kilomita 500 kupitia Maswa, Shinyanga na Singida. Kwa mkoa wa Simiyu wenye wakazi 2,140,497 kwa Sensa ya 2022, hilo halikubaliki.

Kwa mkulima wa pamba wa Itilima au Meatu, safari hiyo ni nauli ya watu watatu, maana mgonjwa aliyezidiwa hasafiri bila wa kumshika. Ng'ombe anauzwa. Mgonjwa akitulia, anarudi na vidonge vya muda mfupi. Vikiisha na zahanati ikawa haina, ugonjwa unarudi na ng'ombe mwingine anatoka zizini. Asiye na ng'ombe anabaki na kamba ya kumfungia mtu wake.

Sheria ya Afya ya Akili ni ya mwaka 2008. Sheria haimtulizi mgonjwa ikiwa stoo ya zahanati haina haloperidoli ya ugonjwa wa akili, wala fenobabitoni ya kifafa. Hizi ni dawa za miaka mingi, za bei nafuu, na muuguzi aliyefundishwa anaweza kumfuatilia anayezitumia.

Tutaambiwa mabingwa ni wachache. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kuwekeza kwa wahudumu wa ngazi ya jamii. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi hii ilianza kupeleka tiba ya akili kwenye huduma za msingi Kilimanjaro na Morogoro. Nchini Zimbabwe, Dk. Dixon Chibanda alifundisha bibi wa mitaani kuwasikiliza wenye msongo, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha nafuu.

Tunazitaka halmashauri zote za Simiyu zitenge kifungu cha afya ya akili katika mapato yao ya ndani, ushuru wa pamba ukiwemo. Kigharamie dawa, mafunzo ya wauguzi, posho za wahudumu wa jamii na siku ya kliniki kila mwezi katika kila kituo cha afya. Hospitali ya Somanda isimamie vituo vya mjini Bariadi, na mkoa utangaze kila robo mwaka zahanati zilizoishiwa dawa.

Diwani atakayepitisha bajeti isiyo na kifungu hicho atakuwa ameamua kwamba tiba ni ya wenye ng'ombe. Wananchi wamuulize hivyo hadharani, kwenye mkutano wa kijiji.