Tezi Hazifundishwi kwa Imla

Katika toleo lililopita la jarida letu, mwenzetu mmoja alituonya sisi walimu wa Kiswahili tusijitie katika mambo ya sayansi. Alisema kwamba somo la tezi na homoni ni la wataalamu. Kwamba halifundishiki bila maabara. Na kwamba, hata maabara ikipatikana, Kiswahili hakina maneno ya kulibeba. Mwalimu wa lugha, kwa maoni yake, abaki na methali zake na vitendawili vyake. Nimeyasoma maneno hayo mara mbili, na mara zote mbili nimeona kwamba yameandikwa kwa Kiswahili fasaha sana. Ndiyo sababu najibu.

Nianze na jambo nililoliona kwa macho yangu. Katika shule nifundishayo, huku kandokando ya Ziwa Kivu, nilipewa siku moja kazi ya kusimamia mtihani wa biolojia. Msichana mmoja aliichora tezi ya shingo vizuri mno, imetandaza mbawa mbili kama kipepeo, akaandika kila jina kwa Kifaransa bila kosa, akapata alama zote. Juma lililofuata tulifuatana njia moja jioni, tukampitia bibi yake aliyekuwa akianika mihogo juu ya mwamba. Bibi alikuwa na rovu lenye ukubwa wa chungwa. Tulipokwisha kumuaga na kufika mbali, nilimwuliza mtoto lile rovu limetokana na nini. Akajibu kwa sauti ya chini: "Wanasema alirogwa na mke mwenzake, mwalimu."

Alama zote! Kipepeo kilikuwa daftarini, rovu lilikuwa shingoni mwa bibi, na vitu hivyo viwili havikuwa vimekutana hata siku moja. Simlaumu mtoto yule, maana aliandika alichoandikiwa. Namlaumu aliyesimama mbele yake akasoma kurasa nne kwa imla, akafuta ubao, akaondoka. Na kwa kuwa aliyekuwa akiwafundisha watoto haohao Kiswahili, mlango wa pili, ni mimi, lawama hiyo sijiepushi nayo.

Sasa tuyatazame madai ya mwenzetu. La maneno ndilo jepesi, basi tulimalize upesi. Mwaka 1902, Waingereza wawili, Bayliss na Starling, waligundua kwamba utumbo huweza kuliamuru kongosho kutoa maji yake kwa ujumbe upitao katika damu, bila msaada wa mishipa ya fahamu. Walikuwa na jambo jipya wala hawakuwa na jina la jumla la wajumbe wa namna hiyo. Mwaka 1905 Starling alichukua neno la Kigiriki lenye maana ya kuamsha au kuchochea, akalitia katika lugha yake: ndiyo homoni. Kumbe Kiingereza nacho hakikuwa na neno! Ikiwa mwenye lugha ile hakuona haya kukopa, sisi tunaona haya gani kumkopa mkopaji? Na tukisha kukopa hilo moja, tutazame yaliyomo ghalani mwetu: tezi, kongosho, figo, kikoromeo, rovu, kuhasi, maksai. Mtoto aliyechunga ng'ombe anajua kwamba fahali akihasiwa hupoa tabia na kunenepa. Amelifahamu jambo la homoni kabla hajalijua jina lake. Mjerumani Berthold aliyachunguza mambo ya jamaa hiyo mwaka 1849 kwa majogoo: walioondolewa korodani walisinyaa upanga, ule mnofu mwekundu wa kichwani, wakaacha kuwika na kupigana, waliorudishiwa korodani ndani ya tumbo, mahali pasipo pake, walibaki majogoo kamili. Mwalimu akianza na maksai na jogoo, darasa zima lina la kusema. Akianza na tafsiri ya kamusi, darasa lina la kunakili.

Dai la maabara ni zito kidogo, nami sitalidharau. Ni kweli kwamba homoni haionekani kwa macho. Ni kweli pia kwamba shule zetu nyingi hazina hata darubini moja, na nimepata kuona shule yenye sanamu nzuri ya plastiki ya mwili wa mtu ikiwa imefungiwa kabatini miaka mingi, isije ikavunjika. Lakini mwenzetu anachanganya vitu viwili. Kipimo cha homoni katika damu chahitaji maabara. Kazi ya homoni katika mwili haihitaji. Kazi hiyo ni habari ya amri kupelekwa, kutiiwa, na jibu kurudi. Habari hiyo watoto huweza kuicheza kwa miguu na mikono yao.

Nieleze tulivyofanya. Mwalimu wa biolojia, ambaye ni kijana msikivu, alikubali kunipa vipindi viwili. Tulimweka mwanafunzi mmoja mbele awe tezi ya chini ya ubongo, tukampa vikaratasi vilivyoandikwa "leta". Wanafunzi watatu pembeni walikuwa tezi ya shingo. Karibu nao tuliweka kikapu cha punje za mahindi, nazo ndizo iodini. Kanuni ilikuwa hii: kila kikaratasi kikifika, tezi ya shingo itoe furushi moja la jani lenye punje nne, kwa kuwa tiroksini, homoni kuu itolewayo na tezi hiyo, hubeba atomu nne za iodini. Furushi lilikwenda kwa "mwili", yaani darasa lote lililobaki. Mwili ukitosheka, ulimnyoshea mkono yule wa mbele, naye akapunguza vikaratasi. Ukipungukiwa, ulishusha mkono, naye akaviongeza. Kwa dakika tano mambo yalikwenda kama saa iliyotiwa ufunguo. Watoto waliona wenyewe kwamba tezi hazipigi kelele ovyo, kila moja humsikiliza mwenziwe.

Kisha, bila kusema neno, nikakiondoa kikapu.

Vikaratasi viliendelea kuja. Mafurushi hayakutoka. Mwili haukunyosha mkono, basi yule wa mbele akazidi kutuma. Tulikuwa na kanuni ya pili: kila vikaratasi vitano visivyojibiwa, mwanafunzi mmoja wa darasa ainuke akaongeze nguvu kwenye tezi ya shingo. Wakawa wanne, wakawa saba, wakawa kumi na wanne, wamebanana ukutani, wanasukumana, na hakuna hata furushi moja. Ndipo sauti ikatoka nyuma: "Mwalimu, tezi inavimba! Hili si rovu?" Yule msichana wa kipepeo alikuwa miongoni mwa kumi na wanne. Hakusema kitu. Aliishika shingo yake mwenyewe.

Mtaalamu ataniambia kwamba nimeacha sehemu ya ubongo iliyo juu ya ile tezi, ambayo nayo huiamuru. Nimeiacha makusudi, na kipindi kilichofuata tuliitia. Afadhali mchezo wenye pengo moja linalojulikana kuliko imla isiyo na pengo wala maana.

Baada ya hapo ndipo tukaishika tezi yenyewe. Kila mtoto aliweka vidole chini ya kikoromeo chake, akanywa funda la maji, akaisikia sehemu ile ikipanda na kushuka. Tukawafundisha kipimo ambacho wachunguzi wa afya hukitumia vijijini, nacho hakigharimu senti: bawa la tezi likizidi ukubwa wa pingili ya mwisho ya kidole gumba cha mtu yuleyule, hilo ni rovu. Tulikataza, nami nasisitiza, mtoto kupima shingo ya mwenzake au kumtaja mtu wa kijijini. Somo la mwili likigeuka kuwa la kucheka wagonjwa, bora imla.

Na hapa ndipo mahali petu sisi wakazi wa ziwa hili. Kisiwani Idjwi, katikati ya Kivu, watafiti waliofanya kazi na kituo cha Lwiro walikuta jambo la kushangaza, wakalichapisha mwaka 1968: iodini ilikuwa haba kisiwa kizima, kaskazini na kusini-magharibi, lakini marovu yalikuwa mengi kaskazini na machache upande wa pili. Kwa nini? Mwaka 1971 Delange na Ermans walionyesha kwamba chakula kilikuwa na mkono katika jambo hilo, hasa muhogo. Muhogo mchungu usiotengenezwa vema hubaki na sumu ya sianidi. Mwili huigeuza kuwa tiosianeti, na tiosianeti huizuia iodini isiingie kwenye tezi. Jambo hilo nalo tulilicheza. Tulikirudisha kikapu kikiwa na punje chache, tukamsimamisha kijana mmoja mnene mbele yake aitwe Tiosianeti. Punje zilikuwepo, lakini mkono ukipita mara moja, ulikwama mara mbili.

Kilichofuata hakikuwa kazi ya biolojia hata kidogo, bali kazi yangu. Niliwatuma watoto wakawaulize mama na bibi zao: muhogo unalowekwa siku ngapi, unaanikwa vipi, utajuaje kwamba umeiva kwa kusagwa, na kila hatua inaitwaje. Walirudi na maneno ambayo sikuyapata katika kamusi yoyote niliyo nayo, mengine ya Kiswahili chetu cha huku, mengine ya lugha za mama. Walirudi pia na habari kwamba siku za njaa, au muhogo unapohitajika sokoni haraka, siku za kuloweka hupunguzwa. Yule msichana aliandika insha juu ya bugali wa bibi yake. Mke mwenza hakutajwa.

Mwenzetu atauliza: je, mambo haya yana uzito gani? Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 tu za iodini kwa siku. Za maisha yake yote hazijazi vijiko viwili vya chai. Lakini mama mjamzito akizikosa, hasara haiishii shingoni mwake. Hufika kwenye ubongo wa mtoto aliye tumboni, na hasara hiyo haiponyeki. Wasichana tunaowasomea imla leo ndio watakaochagua chumvi ya jikoni kesho. Wafanyakazi wa afya wana kichupa cha dawa ambacho tone lake moja huigeuza chumvi yenye iodini kuwa ya rangi ya samawati. Tuliomba kimoja kwenye zahanati, kila mtoto akaja na chumvi ya kwao iliyofungwa katika karatasi. Nyingine ziligeuka, nyingine zilibaki nyeupe. Sikuhitaji kuhubiri.

Za tezi nyingine nitasema kwa ufupi. Mchinja mbuzi wa soko letu alitupa kongosho, ile nyama laini ya rangi hafifu iliyolala katika kipindo cha mwanzo wa utumbo mwembamba. Watoto walilishika kwa mikono. Wakaambiwa kwamba kule Toronto, Banting na Best walipopata dondoo ya insulini mwaka 1921, na kijana Leonard Thompson wa miaka 14 alipodungwa Januari 1922, dawa haikushuka kutoka mbinguni: ilitoka kwenye makongosho ya ng'ombe wa machinjioni, na kwa miongo mingi iliendelea kutoka kwa ng'ombe na nguruwe. Ama kuhusu adrenalini, watoto walihesabu mapigo ya moyo kifundoni mwa mkono kwa dakika moja, wametulia. Kisha mwalimu akatangaza ghafula jaribio la hesabu, wakahesabu tena. Yafaa kuwaambia ukweli hapo: mshtuko wa kwanza ni wa mishipa ya fahamu, homoni ya tezi za juu ya figo hufuata nyuma. Mwalimu wa hesabu, nasikia, hakufurahi.

Limebaki dai moja ambalo mwenzetu hakulisema wazi, ila lilisomeka kati ya mistari: mtihani wa Serikali huandikwa kwa Kifaransa, kwa hiyo kila dakika ya Kiswahili ni dakika iliyoibwa. Hilo ni tatizo la kweli, wala si mimi niwezaye kulitatua. Lakini katika darasa letu majina ya Kifaransa yaliandikwa ubaoni mwisho wa kipindi, yakiwa majina mapya ya vitu ambavyo watoto walikwisha kuvishika. Walioyasahau walikuwa wachache kuliko mwaka wa imla, na aliyesahau jina aliweza walau kueleza kitu.

Mkuu wa shule alivutwa na kelele siku ile ya vikaratasi, akaja kusimama mlangoni kwa uso uliokunjwa. Aliwakuta wanafunzi kumi na wanne wamejibanza pembeni na kikapu kitupu. Akauliza kuna nini. Mtoto mmoja alimweleza tangu mwanzo hadi mwisho, kwa Kiswahili, bila kutazama daftari.

Alhamisi ya mwezi ujao tutarudia somo hili na darasa la chini. Mwenzetu namkaribisha kwa heshima zote. Nitamtunzia nafasi ya Tiosianeti.