Komeo la Kisu na Uvivu wa Istilahi

Wapenzi wa visu vya kukunja hutaka mpini wa titaniamu, mwepesi, usioshika kutu. Na ubavu wa mpini wenyewe uwe komeo, ujibane nyuma ya bapa likifunguliwa, lisije likamkata mtumiaji vidole. Kisu mashuhuri cha aina hii, cha Chris Reeve, mzaliwa wa Afrika Kusini, huitwa Sebenza, yaani ‘fanya kazi’ kwa Kizulu. Iwapo lugha ndugu ya Kiswahili imekipa jina, mbona sisi tudai hatuna istilahi? Mpini, bapa, ncha, makali na ala ni maneno tuliyo nayo. Napendekeza ‘komeo-ubavu’. Wanaisimu wenzangu, tuwasikilize kwanza washika panga wa Muthara, ndipo tufungue kamusi za Kiingereza.