Mthamini Asiyepanda Mlima

Kila yanapotajwa masharti makali zaidi ya kuwafunza na kuwasimamia wathamini wa ardhi, hoja za kuyapinga huwa zile zile. Tuzipime Matombo, katika Milima ya Uluguru mkoani Morogoro, maana mjini mengi hujificha.

Wanasema shahada inatosha. Chuo Kikuu Ardhi kinafundisha vizuri, sikatai. Lakini Uluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo hufuata upande wa mama. Aliyeazimwa shamba alitoa ngoto, yaani malipo ya kutumia ardhi, kwa mkuu wa ukoo, na kwa desturi hakuruhusiwa kupanda miti ya kudumu, kwa kuwa mti humpa mtu madai. Kijana aliyetumwa kuthamini ardhi inayotwaliwa huuliza, "Shamba la nani?" Hutajiwa jina moja, akaandika jina moja. Kumbe ardhi ni ya ukoo, mikarafuu ina aliyeipanda, na migomba ina mwingine anayeivuna. Fidia ikilipwa, ndugu hawasalimiani. Kuuliza swali la pili na la tatu hufundishwa shambani, nyuma ya mzoefu.

Wanasema jedwali la bei za mazao linamaliza kazi. Jedwali hupenda shamba la zao moja lililopandwa kwa mistari. Matombo mnazi, mgomba na mdalasini hubanana, na pilipili manga imekwea juu ya mfenesi. Mkarafuu mchanga haujamletea mwenyewe hata senti, lakini ndio aliouwekea matumaini ya ada za watoto. Nani anauhesabu, na kwa kiasi gani?

Wanasema usimamizi upo. Kweli, Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016 iliunda Bodi ya Usajili wa Wathamini, na uthamini wa fidia hupita kwa Mthamini Mkuu wa Serikali. Ila huko hufika karatasi, na mti ulioachwa hauonekani kwenye karatasi. Anayesaini kazi ya mwanafunzi athibitishe, kwa tarehe na jina la kitongoji, kwamba alifika shambani.

Hofu kwamba masharti haya yatachelewesha kazi ndiyo pekee yenye uzito, maana uthamini usiolipwa ndani ya miaka miwili hufa kisheria. Lakini kwa kawaida fidia hukwama kwa anayetwaa ardhi kukosa fedha.

Na wale wanaosema wanakijiji hawaelewi haya? Mwaka 1955, hapo hapo Matombo, watu walikataa matuta ya ngazi yaliyoamriwa na serikali ya kikoloni. Ghasia zikazuka, mradi ukaachwa. Wataalamu wake nao walikuwa wamesoma.