Bendi ipige mchana, nasi tulipe mlangoni

KUTOKA KAPLONG
Na Kiprotich wa Kaplong

Panda matatu yoyote Sotik kwenda Kericho, na kabla hujafika Litein utakuwa umesikia nyimbo za Kikalenjin za kukutosha wiki nzima. Dereva ana flashi yake, kinyozi ameweka spika mlangoni, na muuza viazi amefungua Chamgei FM au Kass FM tangu alfajiri. Hakuna awezaye kusema kwamba watu wa huku hawapendi muziki. Lakini hebu muulize abiria uliyeketi naye alisimama lini mbele ya bendi, akaona vidole vya mpiga solo vikitembea juu ya nyuzi za gitaa. Wengi watakwambia ilikuwa harambee, au kampeni, au baa usiku. Nasema njia hizo tatu ndizo zinazodumaza bendi zetu, na dawa yake tunayo sisi wasikilizaji.

Tuanze na harambee na kampeni. Huko muziki ni wa bure kwa anayecheza, lakini kuna aliyeulipia, na yeye ndiye anayeimbwa. Mtunzi aliyeanza kwa kuimba mapenzi, ng'ombe waliopotea na ukoo wake anajikuta akitunga sifa za mheshimiwa, kwa sababu mheshimiwa ndiye mwenye bahasha. Uchaguzi ukipita, bahasha inakatika na simu hazipokewi. Wimbo wenyewe nao haufai tena, maana nani atautaka wimbo wa mgombea aliyeshindwa? Kampeni za 2027 zitakuja, na mchezo utarudiwa vilevile.

Baa nayo ina mipaka yake. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 iliweka saa za kuuza pombe kuwa saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi na sikukuu. Bendi inayotegemea mauzo ya chupa lazima ifuate saa hizo, na mwenye baa huipandisha jukwaani usiku, wateja wanapokuwa wengi. Sasa mchuma chai anayetakiwa shambani asubuhi na mapema atakesha vipi? Mama aliyeacha watoto nyumbani atapanda bodaboda gani saa tano ya usiku, na kwa nauli ipi? Mzee asiyekunywa atafuata nini humo? Wanaobaki ni wanywaji, ambao hawakuja kusikiliza.

Si kwamba nchi hii ya majani chai haikujua muziki wa hadharani. Mwaka 1950, Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika na mitambo yake ya kurekodi, alifika Kapkatet, safari fupi tu ya barabara kutoka hapa Sotik. Hapo alirekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba "Chemirocha", wimbo uliotokana na jina la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye sauti yake ilikuwa imefika vijijini kupitia santuri za gramafoni. Rodgers alikuwa amekufa tangu 1933. Rekodi hiyo ya Kapkatet ilizunguka dunia, na miaka zaidi ya 60 baadaye watafiti wa Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika ya Afrika Kusini, pamoja na wenzao wa Kenya, wakairudisha kwa wenyewe.

Kinachonivutia katika kisa hicho ni walichofanya wale wasichana baada ya kusikia santuri. Hawakuketi kuizunguka tu. Walichukua kinubi, kile wanachokiita chepkong, wakamjibu mgeni kwa sauti zao na kwa lugha yao. Santuri iliwasukuma kuimba. Sisi flashi imetutuliza, tukaona yatosha kubonyeza kitufe.

Kizazi kilichofuata nacho hakikulala. Duka la muziki la Chandarana mjini Kericho liligeuka kituo cha kurekodi ambacho wapiga benga wa magharibi mwa Kenya walikikimbilia miaka ya 1970. Benga ilikuwa imetoka kwa jirani zetu Wajaluo, mikononi mwa watu kama D.O. Misiani wa Shirati Jazz, lakini Wakipsigis waliipokea wakaipa mwendo na masimulizi yao. Kipchamba arap Tapotuk, aliyefariki 2007, alikuwa bingwa wa kusimulia kisa kizima ndani ya wimbo mmoja. Ukivuka Chebilat ukaingia upande wa Kisii, utalikuta gitaa hilohilo likizungumza Ekegusii. Mpaka huo umewahi kutugombanisha juu ya mifugo na ardhi. Muziki umekuwa ukiuvuka bila kuomba kibali.

Raha ya bendi hai haiingii kwenye flashi. Wimbo uliorekodiwa una mwisho wake, na ukifika hapo umefika. Jukwaani, mpiga solo akiona umati umechangamka, anakatiza maneno, gitaa linapanda, besi inalifuata nyuma, ngoma inaongeza kasi, na mabega ya watu yanaanza kutikisika kabla miguu haijaamua. Sehemu ile inaweza kuchukua dakika kumi, na hakuna atakayelalamika. Mwimbaji anamtambua mtu wa Ndanai au wa Kapletundo katikati ya umati, anamtaja, anawataja wazazi wake, na kijiji kizima kinashangilia. Wewe uliyekuja umekuwa sehemu ya wimbo, na jioni hiyo haitarudiwa popote kama ilivyokuwa.

Ndiyo maana inaniudhi kuona msanii amepewa jukwaa, akachomeka flashi, kisha akashika kipaza sauti na kujifanya anaimba juu ya sauti yake mwenyewe. Wa injili wanafanya hivyo, na wa dunia pia. Sitawalaumu wao peke yao: kusafirisha wapiga gitaa wawili, mpiga besi, mpiga ngoma na vyombo vyote hivyo ni gharama, na mwenye shughuli anataka kulipa mtu mmoja. Lakini wapo waliokataa mchezo huo wakafaulu. Tamasha la Sauti za Busara kule Unguja, lililoanza 2004, limejijengea jina kwa kusisitiza kwamba kila anayepanda jukwaani apige muziki hai. Nairobi nako, Blankets and Wine ilianza 2008 kwa wazo jepesi: watu waje mchana na blanketi zao, waketi kwenye majani, walipe, wasikilize.

Sotik haihitaji tamasha kubwa. Inahitaji Jumapili moja kwa mwezi, kuanzia saa saba mchana. Naitaja Jumapili kwa sababu. Jirani zetu wengi wa upande wa Kisii ni Waadventista, na Jumamosi yao ni ya ibada. Sisi wa Jumapili tutakuwa tumetoka kanisani. Pia natamka saa saba kwa sababu kila mkazi wa huku anajua tabia ya mvua ya alasiri. Tutafute paa: ukumbi wa shule, kibanda cha soko, au kumbi za starehe za mashamba ya chai ambazo zamani zilikuwa na shughuli kila mwisho wa wiki. Mashine za kuchuma chai zimepunguza mikono mashambani, na nafasi ya kukutania ipo.

Hesabu nayo haitishi. Tuseme watu 300 wamelipa shilingi 200 kila mmoja. Hizo ni shilingi 60,000. Toa kodi ya ukumbi na ya spika, toa petroli ya jenereta na nauli, na bado wanamuziki sita wanaweza kugawana kitu cha kupeleka nyumbani, bila bahasha ya mheshimiwa na bila kungoja mirabaha isiyofika. Msimu wa bonasi ya chai, kiingilio kinaweza kupanda na hakuna atakayeumia.

Najua pingamizi. Kuna wachungaji watakaosema nyimbo za dunia zinapotosha vijana. Nawauliza: kijana akisikiliza bendi saa nane mchana, bila pombe, akiwa na mama yake pembeni, amepotoka vipi kuliko yule aliye baa saa nne usiku? Waleteni wapiga magitaa wa kanisa wafungue jukwaa. Wengine watasema hakuna wanamuziki chipukizi. Wapo. Watoto wa shule zetu wanapigania kufika Tamasha la Muziki la Kenya, mashindano yaliyoanza 1927, wakiwa na nyimbo za Kipsigis walizofunzwa miezi mingi. Wakimaliza kidato cha nne, hakuna anayewaita tena kuimba mahali popote. Serikali ya Kaunti ya Bomet ina idara inayohusika na utamaduni. Kufungua ukumbi mara moja kwa mwezi si kazi ya kuundiwa kamati.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Huku kwetu mcheza kwao huombwa acheze bure kwa sababu ni mtoto wa nyumbani, halafu tunashangaa anapouza gitaa akanunua pikipiki. Kwa hiyo bendi itakapotangazwa Sotik, Kaplong au Chebilat, njoo na mia mbili zako mkononi, uje mapema, na usidai kuingia bila kulipa eti unamjua mpiga besi.