Joto bila hewa ni hasara kwa mlezi wa vifaranga

WAFUGAJI wa kuku wa nyama katika wilaya za Ilemela, Nyamagana, Magu na Misungwi wamezoea kuhesabu hasara katika mambo matatu: bei ya vifaranga, bei ya chakula na ugonjwa wa mdondo. Lipo la nne ambalo halimo katika daftari la wengi, nalo ni hewa ya ndani ya banda la kulelea vifaranga.

Suala hili lina uzito zaidi sasa kwa sababu mbili. Kwanza, soko limepanuka. Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo-Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa kungojea kivuko kati ya Misungwi na Sengerema, hivyo kuku wa Mwanza wanaweza kufikishwa Sengerema na Geita kwa urahisi zaidi kuliko zamani. Pili, Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Lakini mkakati huo, kama jina lake linavyojieleza, ni wa kupikia. Mfugaji anayewasha jiko la mkaa usiku kucha ili vifaranga wasife kwa baridi hakulengwa moja kwa moja.

Kifaranga wa siku moja hawezi kujipatia joto la kumtosha. Katika wiki ya kwanza anahitaji nyuzi joto 32 hadi 35, kisha joto hupunguzwa kwa takriban nyuzi 3 kila wiki. Mwanza usiku, hasa kati ya Juni na Agosti, joto la nje hushuka chini ya nyuzi 20. Pengo hilo ndilo linalomfanya mfugaji azibe kila tundu kwa viroba na maturubai, kisha aingize jiko au vyungu vya mkaa ndani.

Hapo ndipo tatizo linapoanzia.

Mkaa unakula hewa

Moto na kifaranga vinagombea hewa ileile. Kilo moja ya mkaa, ili iungue vizuri, inahitaji hewa takriban mita 9 za ujazo kwa mwinuko wa Mwanza. Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya nane. Maana yake ni kwamba kipimo cha matundu kinachotosha Pwani kinaweza kuwa kidogo hapa.

Mkaa ukikosa hewa ya kutosha hauzimiki mara moja. Huendelea kufukuta na kutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Wapo wanaoamini kwamba mkaa ulioshika vizuri na usiotoa moshi hauna madhara. Hilo si kweli, kwa kuwa gesi hiyo hutoka hata pale moshi usipoonekana.

Hesabu ndogo inaonyesha ukubwa wa hatari. Chukua chumba cha mita 5 kwa 4, chenye kimo cha mita 2 na nusu, ambamo kilo 2 za mkaa zinaungua usiku. Ikiwa sehemu moja tu kati ya kumi ya kaboni ya mkaa huo itageuka kuwa kaboni monoksaidi na hewa isipotoka, kila mita ya ujazo itakuwa na zaidi ya gramu 7 za gesi hiyo. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani lilikiweka mwaka 2010 kwa muda wa saa moja ndani ya nyumba ni miligramu 35. Hiyo ni zaidi ya mara 200. Hata kama sehemu kubwa ya gesi itavuja kupitia nyufa, kinachobaki kinatosha kuua.

Anayekuwa hatarini zaidi si kifaranga peke yake. Ni kawaida kijana wa kazi kulala bandani ili achochee jiko na kulinda wezi. Kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu wakati wa alfajiri si uchovu wa kukesha. Ni dalili za sumu, na anayezisikia anapaswa kutoka nje mara moja na kupelekwa hospitali.

Hasara inayopewa jina jingine

Kwa upande wa kuku, hewa mbaya mara nyingi huua polepole. Kuku wa nyama hukua haraka na moyo wake hufanya kazi kubwa. Akikosa hewa safi katika siku za mwanzo, baadaye anaweza kupata ugonjwa wa maji tumboni, na ugonjwa huo hujitokeza zaidi katika maeneo ya mwinuko. Amonia inayotoka kwenye pumba za mpunga zilizolowa huwasha macho na kudhoofisha njia ya hewa, na hapo mafua hupata mlango.

Mfugaji akiona hali hiyo hukimbilia duka la dawa. Hununua dawa za kuua bakteria, huku chanzo kikiendelea kuwaka katikati ya banda. Kundi la kuku 500 likichelewa wiki moja tu kufikia uzito wa soko, litakula karibu kilo 500 za chakula cha ziada, yaani mifuko 10 ya kilo 50. Kwa wengi, hiyo ndiyo faida yote.

Hewa ipite juu

Dawa si kuacha banda wazi. Upepo ukiwapiga vifaranga moja kwa moja, huwaua kwa baridi. Kinachotakiwa ni kuiongoza hewa. Hewa ya moto hupanda, kwa hiyo njia ya kutokea iwe juu, chini ya paa, pande zote mbili za banda, nayo izibwe kwa wavu na si kwa turubai.

Katika mabanda mengi pazia limepigiliwa misumari juu na hukunjwa kutoka chini. Huo ni mpangilio uliogeuzwa. Hewa ya baridi huingia usawa wa vifaranga, na hewa chafu hubaki juu. Pazia lifungwe chini na lishushwe kutoka juu, kidogo usiku na zaidi mchana, wakati upepo wa ziwani unapoanza kuvuma.

Kwa wanaobaki na mkaa au kuni, njia salama zaidi ni jiko la matofali ambalo mdomo wake uko nje ya ukuta, na bomba la moshi linalopita ndani na kutoka juu ya paa. Joto hubaki bandani na gesi hutoka nje. Bomba lipite kimo cha kilele cha paa, kwani likiwa fupi upepo hurudisha moshi ndani. Kifuniko cha kupunguza moto kisifungwe kabisa wakati makaa bado yanawaka.

Umeme hauna moshi, lakini una hesabu yake. Taa moja ya joto ya wati 250 ikiwaka saa 24 hutumia uniti 6, na kwa siku 14 ni uniti 84. Kiasi hicho kimezidi uniti 75 za mwezi ambazo mteja mdogo wa TANESCO hulipia bei nafuu. Gesi ya mitungi nayo si jibu kamili, kwa sababu kilo moja ikiungua hutoa zaidi ya kilo 1 na nusu ya mvuke wa maji. Banda likizibwa, mvuke huo hulowesha matandiko na amonia hurudi.

Kipimo cha kila siku ni vifaranga wenyewe. Wakirundikana kwenye moto, wana baridi. Wakikimbilia kuta huku midomo wazi, joto limezidi. Wakijikusanya upande mmoja, kuna upepo unaopenya. Wakitawanyika, joto linawatosha. Lakini hewa hupimwa na pua na macho ya mtu anayeingia alfajiri, na kaboni monoksaidi hata hizo hazitaigundua.

Maofisa ugani wa kata wamefanya kazi kubwa ya kuhimiza chanjo ya mdondo. Matundu ya hewa na bomba la moshi vinastahili nafasi katika mafunzo hayohayo. Na Serikali inapotekeleza mkakati wake hadi 2034, mkaa unaochomwa bandani nao unapaswa kuhesabiwa, kwani unatoka katika misitu ileile. Kwa mfugaji mwenyewe, gharama ya bomba la bati hulipwa mara moja, wakati hasara ya hewa mbaya hujirudia kila anapoleta kundi jipya la vifaranga.